Kuongeza na Kufuta Kadi Katika Somo la Mantiki

Katika mazoezi ya kufundisha yaliyopita, mwanachuo wetu mmoja alifundisha Darasa la Sita katika shule moja ya msingi hapa Handeni. Somo lake lilikuwa jinsi kompyuta inavyotafuta jibu la swali. Kompyuta ya kutosha darasa zima haikuwapo, naye akafanya jambo ambalo tunalisifu hata leo: alitengeneza kompyuta kwa kadi za manila. Alitundika kadi kwa vibanio kwenye kamba mbele ya ubao, akamteua mwanafunzi mmoja awe mashine. Kazi ya mashine ilikuwa kusoma kadi kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, bila kutumia ujuzi wake mwenyewe, na kujibu ndiyo au hapana.

Kadi zilikuwa sita. Ya kwanza ilisema kuna barabara kati ya Handeni na Mkata; ya pili, kati ya Mkata na Kabuku; ya tatu, kati ya Kabuku na Segera; ya nne, kati ya Segera na Korogwe; ya tano, kati ya Handeni na Korogwe; ya sita, kati ya Segera na Muheza. Pembeni palikuwa na kadi mbili za kanuni. Moja ilisema kwamba unafika mahali ikiwa kuna barabara ya moja kwa moja. Nyingine ilisema kwamba unafika ikiwa kuna barabara ya kukupeleka kwa jirani, na kutoka kwa jirani huyo unaweza kufika. Kila barabara hupitwa kwa kwenda na kwa kurudi.

Mwanafunzi wa kwanza aliuliza: Je, kutoka Handeni tunafika Segera? Mashine ilitafuta kadi ya moja kwa moja, haikuiona. Ikasoma kadi ya kwanza, ikaenda Mkata. Kutoka Mkata ikaanza tena juu ya kamba, na kadi ya kwanza iliyotaja Mkata ilikuwa ileile ya Handeni; basi ikarudi Handeni. Kutoka Handeni ikaenda Mkata. Darasa likacheka, na mtoto aliyekuwa mashine akasimama amechanganyikiwa.

Hapo mwanachuo alibuni tiba ya papo kwa papo. Aliiambia mashine: kila utakapofika mahali, andika kadi mpya ya kusema kwamba umekwisha kupapita, uitundike mwishoni mwa kamba; na kabla ya kwenda kwa jirani yeyote, tazama kwanza kama ana kadi hiyo. Swali likaulizwa upya. Mashine ikaondoka Handeni, ikapita Mkata, ikapita Kabuku, ikaona kadi ya Segera, ikajibu ndiyo. Darasa likapiga makofi.

Mwanafunzi wa pili akauliza swali lilelile. Mashine ikaona Mkata imekwisha kupitwa, ikaiacha, ikaenda kwa jirani mwingine wa Handeni, yaani Korogwe. Kutoka Korogwe ikaona kadi ya Segera, ikajibu ndiyo. Hakuna aliyetambua kwamba njia ilikuwa nyingine. Wa tatu alikuwa msichana wa dawati la nyuma. Naye akauliza swali lilelile, neno kwa neno. Mashine ikatazama: Mkata imepitwa, Korogwe imepitwa, jirani mwingine hakuna. Ikajibu hapana.

Msichana akasema, “Mwalimu, mimi jana nimetoka kwa bibi Hale, tumepita Segera.” Mwanachuo, ambaye muda ulikuwa ukimwishia, alimjibu kwamba hakuuliza vizuri, akamwomba aketi. Akaketi. Sisi tulikuwa nyuma ya darasa na kitabu cha tathmini mkononi, nasi hatukusema neno, kwa kuwa wakati ule hatukujua kosa liko wapi. Tuliandika kwamba zana zilikuwa nzuri na kwamba mwalimu hakusikiliza maoni ya wanafunzi. Hilo la pili lilikuwa kweli, lakini halikugusa kiini. Kosa lilikuwa katika kamba.

Makala haya yanahusu kosa hilo. Lina jina na historia katika ufundi wa programu, na linaweza kumkuta mwalimu yeyote atakayefundisha mantiki, awe na mashine ya umeme au ya manila.

Kadi husema nini

Lugha ya kompyuta ambayo mwanachuo wetu aliifuata, pengine bila kuitaja, ni Prolog. Ilibuniwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972 na Alain Colmerauer pamoja na Philippe Roussel, nayo ilitegemea sana mawazo ya Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Jina lake limefupishwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya kupanga programu kwa mantiki. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Kowalski, akiwa London, aliongoza kazi ya kuwafundisha watoto wa shule mantiki kwa lugha ya namna hiyo, kwenye kompyuta ndogo za wakati ule. Kwa hiyo si jambo geni kuileta kwa watoto wa umri wa Darasa la Sita.

Uzuri wa lugha hii ni kwamba programu yake husomeka kama maelezo ya ukweli. Kadi zetu zingeandikwa hivi:

barabara(handeni, mkata).
barabara(mkata, kabuku).
barabara(kabuku, segera).

na kadhalika, kisha kanuni:

jirani(A, B) :- barabara(A, B).
jirani(A, B) :- barabara(B, A).
unafika(A, B) :- jirani(A, B).
unafika(A, B) :- jirani(A, C), unafika(C, B).

Herufi kubwa husimama badala ya mahali popote, na alama ya nukta mbili na kistari husomwa “ikiwa”. Mtu anayeingia darasani bila kujua lolote lililotangulia anaweza kusoma kila mstari peke yake na kuamua kama ni kweli au si kweli. Akiwa dereva wa lori wa Kabuku, ataamua haraka kuliko sisi.

Sasa tazama kadi aliyoiongeza mwanachuo: “Mkata imekwisha kupitwa.” Je, ni kweli? Imepitwa na nani? Lini? Katika swali la nani? Dereva wetu akiingia darasani na kuisoma, hawezi kusema ndiyo wala hapana. Kadi hiyo haisemi neno juu ya nchi ya Handeni. Ni kumbukumbu ya mashine juu ya shughuli yake yenyewe, iliyotundikwa kwenye kamba moja na kadi za ukweli kana kwamba ni mwenzao. Hapo ndipo jibu la swali lilipoanza kutegemea ni nani aliyeuliza kabla yako.

Prolog ina amri za kufanya jambo hilohilo. Amri ya assertz huongeza kadi mwishoni, asserta huiongeza mwanzoni, na retract huiondoa. Kwa amri hizo programu hujiandika upya ikiwa kazini. Zipo kwa sababu zinahitajika, nasi hatukubaliani na wanaosema mwanafunzi asionyeshwe kabisa. Lakini zina tabia moja ambayo kila mwalimu hana budi kuijua. Mashine ya Prolog ikifuata njia na kukuta ukuta, hurudi nyuma hadi njia panda ya karibu, na katika kurudi huko hufuta yote iliyokuwa imeyadhania njiani. Huyafuta yote, isipokuwa kadi ilizoziongeza au kuzitoa. Hizo hubaki kama zilivyo. Mtu anayerudi kutoka njia isiyo sahihi huku ameacha alama zake zote barabarani atapotosha safari yake inayofuata, na za wenzake pia.

Mfano wa kuhesabu unaonyesha hatari hiyo waziwazi. Mwanachuo hupenda kuweka kadi “idadi ya waliofika ni 11”, kisha kila anapoingia mtoto huitoa na kutundika nyingine yenye 12. Kati ya kuitoa na kutundika mpya kuna nafasi. Likitokea jambo katika nafasi hiyo, kwa mfano jina halikuonekana katika orodha na mashine ikarudi nyuma, kadi ya 11 imekwisha kutolewa na ya 12 haijaandikwa. Ukiuliza idadi, hakuna mwenye nayo. Afadhali kutundika kadi moja kwa kila mtoto aliyefika, kisha kuzihesabu unapoulizwa.

Karatasi ya safari

Tiba ya kosa la barabara ni rahisi, na tuliijaribu chuoni na wanachuo wenyewe kabla ya kuirudisha shuleni. Mashine hupewa kipande cha karatasi mkononi. Swali linapoanza, huandika mahali pa kuanzia. Kila inapofika mahali huongeza jina chini, na kabla ya kwenda kwa jirani husoma karatasi hiyo, wala si kamba. Ikilazimika kurudi nyuma, hukata jina la mwisho. Swali likiisha, karatasi hutupwa. Anayefuata kuuliza hukuta kamba ileile aliyoikuta wa kwanza.

Katika Prolog karatasi hiyo ni orodha inayobebwa ndani ya swali lenyewe:

unafika(A, B, _) :- jirani(A, B).
unafika(A, B, Zilizopitwa) :- jirani(A, C), \+ member(C, Zilizopitwa), unafika(C, B, [C|Zilizopitwa]).

Swali huulizwa unafika(handeni, segera, [handeni]). Alama ya mshazari na jumlisha husomwa “si kweli kwamba”, na neno member huuliza kama jina limo katika orodha. Hakuna kadi iliyoongezwa wala iliyotolewa. Uliza mara mia, jibu ni ndiyo mara mia. Zaidi ya hayo, ukimtaka mtoto ataje njia zote za kufika Segera, sasa ataipata ya Kabuku na ya Korogwe. Kwa kadi za alama, njia ya kwanza ingeweza kuizuia ya pili bila mtu kufahamu.

Yafaa pia kuwaeleza wanafunzi maana ya neno hapana. Mashine haina habari za ulimwengu ila zilizo kwenye kamba. Inaposema hapana, maana yake ni “sikuona kwa kadi hizi”. Mwalimu anayelijua hilo, akipingwa na mtoto aliyetoka safarini jana, ataziendea kadi kwanza kabla ya kumrekebisha mtoto.

Kadi inayostahili kuongezwa

Tusije tukaeleweka kwamba kamba isiguswe. Kuna kadi ambayo ni halali kuiongeza wakati mashine ikifanya kazi, nayo ni ile iliyokwisha kuthibitishwa. Tuseme mashine imehangaika kutoka Handeni hadi Muheza, ikapita Mkata, Kabuku na Segera, ikajibu ndiyo. Inaweza kutundika kadi “kutoka Handeni unafika Muheza” ili mwingine akiuliza isihangaike tena. Kadi hii haiongezi ukweli wowote uliokuwa haumo katika zile sita. Huokoa muda tu. Mwanafunzi anayeandika pembeni mwa daftari kwamba 12 mara 12 ni 144 anafanya vivyo hivyo.

Hata hivyo kadi ya namna hii ina deni. Imesimama juu ya kadi nyingine. Katika zoezi moja tuliwaambia wanachuo kwamba mvua imekata barabara kati ya Segera na Muheza, wakaitoa kadi ya sita. Tulipouliza kama tunafika Muheza, mashine ilijibu ndiyo bila kusita, kwa kuwa kadi ya kumbukumbu ilikuwa bado inaning'inia. Msingi umeondolewa, paa limebaki hewani. Tangu hapo tuna desturi chuoni: kadi za ukweli huandikwa kwenye manila nyeupe, za kumbukumbu kwenye manila ya njano, na siku kadi yoyote nyeupe inapotolewa, zote za njano hushushwa. Ni kazi ya ziada, lakini tumeona ni nafuu kuliko kuchunguza ipi ilitegemea ipi.

Waliopanga kanuni ya kimataifa ya Prolog mwaka 1995 walikuwa na hofu kama yetu. Kwa mujibu wake, kauli ambazo programu itaruhusiwa kuzibadilisha hutangazwa mapema kwa neno dynamic, ili msomaji ajue toka mwanzo lipi limetulia na lipi si tulivu. Tena swali lililokwisha kuanza huendelea kuziona kadi kama zilivyokuwa lilipoanza, hata zikiongezwa nyingine katikati.

Dunia yenyewe inapobadilika

Sababu kubwa ya kubadili kadi ni kwamba nchi hubadilika. Hapa kwetu mfano upo mlangoni. Hadi mwaka 2002 Songe, Kwediboma na Mgera zilikuwa katika Wilaya ya Handeni. Mwaka huo ikazaliwa Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni, makao yake makuu yakiwa Songe. Mwalimu mwenye kadi “Songe iko Wilaya ya Handeni” hana budi kuiondoa na kuandika nyingine. Hii ni kazi halali kabisa ya retract na assertz, kwa kuwa dereva wetu akiingia leo ataikubali kadi mpya na kuikataa ya zamani.

Lakini mfikirie mtoto aliyeleta darasani cheti cha babu yake kilichoandikwa miaka ya 1970: mahali pa kuzaliwa ni Kwediboma, wilaya ni Handeni. Anauliza kama cheti kina kosa. Kamba iliyofutwa itajibu kwamba kina kosa, nayo itamsingizia karani asiye na hatia. Kwa somo la Historia au Uraia, basi, tunashauri kadi isifutwe bali iongezewe miaka: Kwediboma ilikuwa Handeni hadi 2002, Kwediboma iko Kilindi tangu 2002. Kadi zote mbili ni kweli, na zitabaki kweli. Kwa kufanya hivyo hatuondoi kitu; tunaongeza tu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ni zoezi zuri la namna hii kwa wakubwa. Jumuiya ya kwanza ilianzishwa mwaka 1967 na Kenya, Uganda na Tanzania, ikavunjika mwaka 1977. Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini mwaka 1999 na nchi hizo tatu. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Anayeandika kadi “Jumuiya ina wanachama watatu” atakuwa akikimbizana na kamba kila mara. Anayeandika kadi moja kwa kila nchi pamoja na mwaka wake ataweza kuulizwa habari za mwaka wowote.

Wapi basi pa kufuta bila kuweka mwaka? Ni pale ambapo jana haitaulizwa: nani yuko zamu ya kufagia, dirisha limefunguliwa au limefungwa, zamu ya kucheza ni ya nani katika mchezo wa darasani. Kujaza miaka na saa katika kadi hizo ni kumchosha mtoto bure. Mpaka kati ya aina hizi mbili hauonekani wazi kila siku, nasi tumebishana chuoni kuhusu kadi ya mahudhurio hadi kengele ikalia. Wengine walisema kutokuwapo kwa mtoto leo ni jambo la leo. Sisi tulishikilia kwamba mzazi atakuja kuuliza.

Tulirudi shuleni wiki iliyofuata, mwanachuo pamoja nasi. Katika andalio la somo alikuwa ameandika, mahali pa utangulizi, kwamba atamwomba radhi mwanafunzi aliyeambiwa hakuuliza vizuri. Alifanya hivyo mbele ya darasa, akaeleza kwamba kadi ndizo zilizoharibika, akaitundika kamba ya kadi sita na kumpa mashine karatasi ya safari. Msichana aliuliza swali lake mara tatu mfululizo, huku akiitazama kamba kila mara kuona kama kuna kilichoongezeka. Kisha akanyosha mkono tena. Alisema kadi ya sita haikukamilika, kwa sababu kutoka Segera kwenda Muheza mtu hupita Hale kwanza. Mwanachuo akampa manila mbili nyeupe na kalamu. Akaibandua kadi ya sita, akaandika mbili, Segera na Hale, Hale na Muheza, akazibana mahali pake, akaketi.